Aliyeshambuliwa Alinde Ushahidi Kabla ya Kuamua Kusamehe au Kushtaki

Mwananchi aliyepigwa au kujeruhiwa hupokea ushauri unaokinzana kabla maumivu hayajatulia. Wapo wanaomsihi suala liishe kifamilia, na wapo wanaomhimiza aende mahakamani. Sheria za Tanzania zinatambua maridhiano na mashtaka, ila maridhiano hayaruhusiwi kwa kila kosa, na ushahidi haumsubiri anayetafakari.

Hatua ya kwanza ni kutoa taarifa katika kituo cha polisi na kupatiwa fomu ya polisi namba tatu, maarufu kwa jina la PF3, ambayo hujazwa na daktari baada ya uchunguzi. Uvimbe na michubuko hutoweka baada ya siku chache, lakini maelezo ya daktari hubaki kuwa kielelezo. Ni vyema pia kuhifadhi picha za majeraha, nguo zenye damu bila kuzifua, risiti za matibabu na majina ya mashuhuda. Aliyeshambuliwa na mwenza au ndugu anaweza kuhudumiwa na Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi.

Uzito wa kosa ndio unaoamua mengi. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, shambulio la kawaida lina adhabu ya kifungo kisichozidi mwaka 1, shambulio la kudhuru mwili kisichozidi miaka 5, na kusababisha madhara makubwa kwa kukusudia kunaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha maisha.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inairuhusu mahakama kuhimiza usuluhishi, pamoja na malipo ya fidia, katika shambulio la kawaida. Nafasi hiyo haihusu makosa makubwa. Mashauri hayo huendeshwa kwa jina la Jamhuri, na mamlaka ya kuyaondoa mahakamani ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Hivyo, makubaliano ya nyumbani hayafuti kesi, hata kama mlalamikaji amesamehe.

Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kumwamuru amlipe fidia aliyedhurika. Vilevile, aliyedhurika anaweza kufungua shauri la madai ndani ya miaka 3 tangu tukio. Katika madai, kiwango cha uthibitisho ni cha chini kuliko katika jinai, ambako kosa lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria. Wananchi wanashauriwa kupata maelezo hayo kabla ya kusaini hati yoyote ya makubaliano, kwa kuwa msamaha wa hiari huwezekana pale tu aliyeumizwa anapofahamu haki anazoziachilia.