Mto wa Kamanyola na rekodi zake

Kwenye ramani ya dunia Kamanyola haionekani. Ikuze mpaka mipaka ya Kongo, Rwanda na Burundi ikutane: mji uko hapo, chini ya mteremko wa Ngomo, barabara ya Bukavu inapoachana na milima na kuingia uwanda wa Ruzizi. Sasa weka kidole kwenye Mto Ruzizi, uufuate juu na chini.

Juu kuna Ziwa Kivu, mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Katika maji yake ya kina kumeyeyuka methani kiasi cha kilomita za ujazo 60, na hewa ya ukaa mara tano ya hiyo. Duniani yanajulikana maziwa matatu tu yenye hatari ya kufumuka gesi namna hii: Nyos na Monoun ya Kameruni, na Kivu. Nyos ilifumuka Agosti 1986 ikaua watu wapatao 1,700, na eneo la Kivu ni zaidi ya mara elfu moja ya Nyos. Kwa maoni yangu, hii ndiyo rekodi ambayo mtoto wa Bukavu, kando ya Kivu, anapaswa kufundishwa kabla ya nyingine zote.

Chini kuna Tanganyika: ziwa la maji baridi refu kuliko yote duniani, kilomita 670 na ushei. Kwa kina, mita 1,470, linazidiwa na Baikal ya Urusi peke yake. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya bahari. Toa hesabu, utaona sakafu yake imezama mita 700 chini ya usawa wa bahari. Ruzizi hushuka karibu mita 700 kutoka ziwa moja hadi jingine, na ndiyo maana ulijengewa mabwawa ya umeme.

Wajuzi wa ramani wa Ulaya walibishana sana: Ruzizi unaingia Tanganyika, au unatoka humo kwenda Nile? Wasafiri Burton na Speke walifika ziwani mwaka 1858 bila kuufikia mlango wa mto, ingawa wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Novemba 1871 wasafiri wengine, Livingstone na Stanley, walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona wenyeji walisema kweli.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Nile haikuwa mbali na ukweli. Zamani sana maji ya Kivu yalitiririka kaskazini, kuelekea Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likajaa, likafurikia kusini. Leo maji yanayopita Kamanyola huingia Tanganyika, hutokea kwa Mto Lukuga, na kuishia katika Mto Kongo, wenye kina kirefu kuliko mito yote duniani, zaidi ya mita 220.

Jina la mji nalo limesafiri. Juni 1964 jeshi la serikali ya Kongo, mkuu wake Mobutu (baadaye rais) akiwapo, liliwashinda waasi hapa. Miaka thelathini baadaye uwanja mkubwa kuliko yote nchini, wa watu 80,000 mjini Kinshasa, ulifunguliwa kwa jina la Kamanyola. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, ukaitwa Stade des Martyrs, kwa kumbukumbu ya wanasiasa wanne walionyongwa hadharani mwaka 1966.