Fahamu: Menyu ya video kwenye DVD ya nyumbani hutengenezwaje?

Menyu ni ukurasa unaotokea DVD inapowekwa kwenye deki, wenye vitufe vya kuchagua sehemu ya kutazama. Menyu ya video haina picha iliyoganda. Nyuma ya vitufe hucheza kipande kifupi, mara nyingi chenye muziki.

Inafanyaje kazi?

Kipande hicho ni video ya MPEG-2. Kwa mfumo wa televisheni wa PAL, uliozoeleka Kenya na Tanzania, ukubwa wake ni pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kikiisha, amri iliyo ndani ya diski hukirudisha mwanzo. Alama inayowaka kwenye kitufe kilichochaguliwa ni tabaka tofauti juu ya video, lenye rangi zisizozidi nne, ndiyo maana huonekana butu hata kwenye filamu za gharama.

Kinachowasumbua wengi

Ni pale kipande kinapoanza upya. Deki husita kidogo na muziki hukatika ghafla. Dawa ni kufifisha picha na sauti mwishoni, kisha kuziibua taratibu mwanzoni. Kwa urefu wa kipande, sekunde 30 zinatosha; kikiwa kifupi mno, kwenye DVD ya harusi bibi harusi akishuka garini mara kumi, wageni watachoka kabla ya filamu kuanza.

Zana

DVDStyler ni programu ya bure inayokubali video kuwa mandhari ya menyu. Diski ya tabaka moja hubeba GB 4.7, na menyu hula humo humo. Jaribu kwanza kwenye DVD-RW, inayofutika, na uitazame kwenye deki halisi.