Taa nane zimewaka, na waya bado mbovu

Kifaa cha kupimia nyaya kinaingia mfuko wa shati. Kina vipande viwili: kimoja huchomekwa kwenye soketi ya ukutani, kingine kule kwenye raki, na kila kipande kina safu ya taa ndogo zenye namba moja hadi nane. Fundi anawasha. Moja, mbili, tatu, mpaka nane, kijani tupu, pande zote zikifuatana bila kurukana. Anafunga mkoba, mwenye ofisi anatoa hela, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo nyaya nyingi za kompyuta zinavyokabidhiwa katika maofisi, hoteli na maghorofa ya miji yetu, na hakuna anayeshuku kitu hadi mtandao uanze kusuasua.

Testa ile haikudanganya. Iliulizwa swali dogo: umeme unaoingia pini ya kwanza upande huu, unatokea pini ya kwanza upande ule? Ikajibu ndiyo, mara nane. Tatizo ni kwamba kompyuta inauliza swali jingine kabisa.

Ndani ya kebo ya mtandao mna nyuzi nane za shaba, zimesokotwa mbili mbili kuwa jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya bluu na ya kahawia, kila uzi na mwenzake mwenye rangi nyeupe. Usokotaji huo ni maarifa ya zamani. Alexander Graham Bell alipata hataza yake mwaka 1881, enzi ambazo laini za simu zilikuwa zikiingiliwa na kelele za nyaya jirani. Uzi mmoja hubeba ishara, mwenzake hubeba ishara ileile ikiwa imegeuzwa kinyume. Kelele ya nje huzigonga zote mbili sawasawa, na mpokeaji akitoa moja kwa nyingine, kelele inafutika na ishara inabaki. Kila jozi husokotwa kwa hatua yake, nyingine za karibu karibu, nyingine za mbali kidogo, ili zisivujishiane siri kama vyumba vilivyogawanywa kwa ukuta wa makuti.

Mpangilio unaotumika sana kwenye soketi ni ule wa T568B. Jozi ya chungwa hukaa pini ya 1 na 2, ya kahawia 7 na 8, ya bluu katikati kwenye 4 na 5, na ya kijani hutanua miguu kwenye 3 na 6, bluu ikiwa katikati yake. Anayeuona mara ya kwanza hudhani amekosea. Asili yake ni simu: laini ya kwanza ilikaa pini mbili za katikati, ya pili ikaizunguka, na kompyuta zilipokuja zikarithi.

Fundi aliyejifunzia kazi kwa kutazama wenzake huona utaratibu huo hauna maana, akazipanga rangi zifuatane: chungwa, kijani, bluu, kahawia. Upande wa pili anafanya vivyo hivyo. Kila uzi umefika unakotakiwa, na taa nane zinawaka. Lakini kompyuta inazichukulia pini 3 na 6 kuwa jozi moja, na sasa pini hizo zimeshikwa na uzi wa kijani na uzi wa bluu, ambazo hazikusokotwa pamoja hata sentimita moja. Kwenye waya wa mita tatu huenda usione kitu. Kwenye mita 40 mafaili yatakwama, simu za video zitakatika, na mwenye ofisi atanunua rauta mpya.

Ipo dalili moja ambayo hata asiye fundi anaweza kuisoma. Kasi ya gigabiti moja hutaka jozi zote nne. Kasi ya megabiti 100 hutosheka na mbili. Vifaa vingi vikikuta jozi mojawapo imekatika hushuka vyenyewe hadi 100 bila kumwambia mtu. Basi kama umelipia kifurushi cha megabiti 200, na kila ukipima unapata 94, asubuhi 94, usiku wa manane 94, usianze kwa kumpigia mtoa huduma. Mtandao uliozidiwa na watumiaji hupanda na kushuka. Namba inayoganda chini kidogo ya 100 inatoka kwenye waya wako, plagi yako au swichi yako ya zamani.

Tumezoea kulaumu vitu vya mbali. Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM na ule wa TEAMS ilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, kila kusuasua kunapelekwa baharini. Na kweli bahari hukatika: Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja, nchi kadhaa zilihisi. Ila siku hiyo jirani yako naye hakuwa na mtandao. Ukiteseka peke yako, angalia ukutani.

Kazi ya ukutani ina kanuni zake. Nchini Marekani kiwango cha kwanza cha kutandaza nyaya majengoni, EIA/TIA-568, kilitoka mwaka 1991, baada ya miaka ambayo kila kampuni ya kompyuta ilikuja na kebo yake. Kutoka kwenye paneli ya raki hadi soketi ya ukutani zisizidi mita 90. Zimebaki 10 za nyaya fupi za kuchomeka pande zote mbili, jumla 100. Kebo ya kategoria ya 5e hupimwa hadi megahezi 100, ya 6 hadi 250, ya 6A hadi 500. Kategoria ya 6 huweza kubeba gigabiti 10, ila kwa mita 55 tu, na hapo nyaya zisiwe zimesongamana.

Mita 90 hizo zilihesabiwa kwa nyuzi joto 20. Hapa ndipo mhandisi anayenakili michoro ya ugenini hukosea hesabu. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 20, hadi kufika 40, huongeza upotevu wa ishara kwa asilimia 0.4, kutoka 40 hadi 60, kwa asilimia 0.6. Dari iliyo chini ya mabati pale Temeke, saa nane mchana wa Februari, ikifika nyuzi 50, upotevu umeongezeka kwa asilimia 14. Mita 90 za kwenye karatasi zimekuwa chini ya 80. Na bado hatujaitazama kebo yenyewe.

Boksi la kebo ni mita 305, yaani futi 1,000. Madukani utakuta maboksi mawili yenye maandishi yaleyale na bei zilizopishana mno. Mara nyingi lile la bei poa ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Linyanyue: alumini, kwa ujazo uleule, haifiki theluthi ya uzito wa shaba. Kwangua uzi kwa kisu; ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, umepata jibu. Anayetaka uhakika achukue mita 100 za kebo, aunganishe nyuzi mbili za jozi moja mwisho wa huko, na apime kwa mita ya umeme mwisho wa huku. Shaba halali isizidi omu 19. Alumini hupita hapo kwa mbali, kwa kuwa upinzani wake unaizidi shaba kwa zaidi ya nusu. Viwango haviitambui kebo hiyo hata kidogo.

Zamani ungeweza kusema data itapita tu. Siku hizi waya huohuo hubeba umeme wa kamera, simu za mezani na vifaa vya Wi-Fi vya darini. Mwaka 2003 kiwango cha kupitisha umeme huo kiliruhusu wati 15.4 kutoka kwenye swichi. Tangu 2018 kimefika 90. Umeme ukipita kwenye upinzani mkubwa, waya unapata moto na kamera inafikiwa na mabaki. Ndiyo maana kuna kamera zinazofanya kazi mchana kutwa na kuzima giza linapoingia: taa zake za kuonea usiku zikiwaka, umeme unaofika hautoshi. Mwizi haji mchana.

Mkono wa fundi nao una nafasi yake. Anapomalizia waya kwenye soketi, jozi isifumuliwe msokoto zaidi ya milimita 13. Wengi hufumua sentimita nne ili wapange rangi kwa raha. Kebo isivutwe kwa nguvu inayozidi kilo 11 hivi, isikunjwe kona kali kuliko mara nne ya unene wake, na isikabwe shingo kwa vibana vya plastiki. Vitambaa vya kunata vinatosha. Plagi za nyaya za uzi mmoja mzima si zile za nyaya za nyuzinyuzi, japo kwa macho zinafanana. Kwa kawaida waya wa ukutani haufai kukrimpiwa plagi, umalizikie kwenye soketi na paneli, ugongewe kwa kifaa chake. Na kwa sisi wa pwani, dhahabu ya kwenye pini ina maana: ile ya kiwango ina unene wa mikromita 1.27, ya plagi za bei rahisi ni kama imepigwa picha tu, na hewa ya chumvi huimaliza.

Kutoka jengo hadi jengo, tumia faiba. Shaba iliyounganisha majengo mawili huunganisha pia ardhi zao mbili, na radi ikipiga moja, la pili linapata habari kupitia swichi iliyoungua. Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo nani anapima kweli? Ipo mashine ya kuthibitisha, ambayo bei yake inatosha kununua gari lililotumika, na ambayo mkandarasi asiyekuwa nayo anaweza kuikodi. Kwa kategoria ya 6 hupitisha ishara kuanzia megahezi 1 hadi 250, ikipima kila jozi inavyovujisha kwa mwenzake kutoka pande zote mbili, ishara inavyofifia, na mwangwi unaorudi. Jozi zilizochanganywa haziipiti. Tena huonyesha ubaya uko mita ya ngapi, na mara nyingi ni nusu mita ya mwanzo, pale vidole vilipopita.

Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano hutoa leseni kwa makandarasi na mafundi wa kazi hii. Tanzania, mamlaka ya huko, TCRA, ina leseni ya ufungaji na matengenezo. Leseni haipimi waya, lakini inakupa mtu wa kumfuata. Kwenye mkataba andika kwamba sehemu ya malipo inasubiri ripoti, soketi moja moja, namba ya kwenye ripoti ikilingana na kibandiko cha ukutani. Dai faili halisi la mashine, kwani karatasi iliyochapwa huhaririwa na yeyote mwenye kompyuta. Kisha tafuta nyota. Matokeo yenye nyota ni yaliyopita kwa kiasi kidogo kuliko usahihi wa mashine yenyewe. Nyota mbili katika soketi 40, mwambie fundi azimalizie upya mbele yako. Nyota 15, uliza lile boksi lilinunuliwa wapi.