UZI: Kufundisha watu kutambua habari feki, kunasaidia kweli?

1/ Uchaguzi ukikaribia, mjadala ni ule ule. Mmoja anasema wanaoeneza uongo wafungwe. Mwingine anasema hapana, wananchi wafundishwe kuutambua. Leo tuangalie hilo la kufundisha. Linasaidia, ama ni semina tu za chai na mandazi?

2/ Twende jimbo la Bihar, India, uchaguzi wa 2019. Watafiti walienda nyumba kwa nyumba, wakawafunza watu kwa saa moja hivi namna ya kukagua picha na habari za WhatsApp. Baadaye wakawapima. Matokeo? Kwa jumla, hakuna tofauti na wale ambao hawakufunzwa.

3/ Tena wafuasi wa chama kimoja walizidi kuuamini uongo unaokifaa chama chao! Saa moja haiwezi kushindana na mapenzi ya miaka.

4/ Lakini ngoja. Miaka kadhaa baadaye, jimbo hilo hilo, walijaribu na wanafunzi zaidi ya 13,000 wa miaka 13 hadi 18. Safari hii ni darasa hasa, vipindi vya wiki 14. Miezi minne baadaye vijana bado walikuwa wanautambua uongo. Hata wazazi wao nyumbani walikuwa wameimarika!

5/ Wahenga walishasema: samaki mkunje angali mbichi.

6/ Tahadhari moja. Mtu akitoka darasani anakataa kila kitu, hata ukweli, hajafunzwa, ametiwa hofu tu. Kipimo ni viwili: kukataa uongo NA kukubali ukweli, hata ukiuma.

7/ Sasa turudi Kenya. CBC tayari inataja ujuzi wa kidijitali. Na 2022, Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, kila mtu ajionee. Si wengi wetu tulisambaza hesabu za kwenye grupu bila kufungua hata fomu ya kituo chetu?

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi "kuelimisha umma" kabla ya 2027, muulize matatu: Ni ya siku moja ama ya muhula mzima? Nani anafundisha, na watu wa pande zote wanamwamini? Nani atapima baadaye kama tumejifunza?

9/ Na wewe mwenyewe, ile habari inayokufurahisha sana kuhusu mpinzani wako, hiyo ndiyo ya kukagua kwanza. Mwisho wa uzi. Wewe ulifunzwa wapi kukagua habari? Tuambie hapo chini.