Cheti Chako Kiko Wapi?

Na Bwana Shamba wa Kata

Msimu wa mpunga uliopita, kikundi kimoja cha wakulima katika kata yangu kilikubaliana kupima mashamba yake kwa ndege nyuki. Wanachama walichanga fedha. Kijana fundi akaitwa kutoka mjini.

Huenda hujapata kuiona ndege nyuki. Ni ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake. Mwendeshaji husimama chini, akaiongoza kwa mtambo anaoushika mikononi. Ikiruka hulia kama nyuki.

Ndege hizi zina kazi nyingi. Kuanzia mwaka 2016 zilitumika kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba ili kuchora ramani. Mwaka 2018 ndege ya namna hiyo ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Ilivuka kilomita 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Mwaka 2019, huko Zanzibar, zilinyunyizia mashamba ya mpunga dawa ya kuzuia viluwiluwi vya mbu wa malaria.

Lakini ndege nyuki si kitu cha kuchezea. Inaweza kumwangukia mtu. Inaweza kugongana na ndege kubwa. Inaweza kupiga picha mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo hapa kwetu husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2018. Ndege husajiliwa, na anayetaka kuirusha huomba kibali kwanza.

"Kibali chako kimezima"

Kijana alifika asubuhi na mapema. Tulikuwa watu kumi na wawili shambani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo pia.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Chai iko tayari. Ila kabla hujarusha hicho kidege, tuonyeshe kibali chako."

"Kibali kipo, mzee. Kila kitu kipo humu kwenye simu. Cheti changu, kibali, hata kitambulisho."

Akatoa simu mfukoni. Akabonyeza. Kioo kilikuwa cheusi. Akabonyeza tena. Alikuwa amesafiri usiku kucha, na chaji ilikuwa imekwisha.

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Basi, mwanangu, kibali chako kimezima pamoja na simu."

Akina mama walicheka, lakini fedha yetu ilikuwa imekwisha kulipwa. Tukampeleka kijana kwenye duka lenye umeme wa jua. Simu ilipowaka, tukaona karatasi zote, moja baada ya nyingine. Zilikuwa halali. Lakini jua lilikuwa limepanda, na upepo umeanza kuvuma. Ndege haikuweza kuruka. Tukapoteza siku nzima, pamoja na chakula cha watu kumi na wawili.

Kesho yake kijana alikuja na simu yenye chaji. Kwapani alikuwa na karatasi zake ndani ya jalada la plastiki. Usiku ule alikuwa amezichapisha kwenye duka la steshenari huko tarafani. Saa moja asubuhi ndege iliruka. Saa tatu kazi ilikuwa imekwisha.

Wengi walimcheka kijana yule. Mimi sikumcheka. Nitakueleza kwa nini.

Mchwa na cheti changu

Mwaka 2016 na 2017 Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wake. Nasi katika wilaya yetu tuliagizwa kupeleka vyeti halisi. Sikuwa na wasiwasi. Nilisoma kilimo chuoni, nikafaulu, nikapewa cheti. Cheti nilikiweka ndani ya sanduku la mbao, chini ya kitanda, chini ya nguo. Kilikaa humo miaka mingi bila kuguswa.

Nilipofungua sanduku lile, nguo za juu zilikuwa nzima. Za chini zilikuwa udongo. Mchwa walikuwa wameingia kutoka sakafuni. Cheti kilibaki kipande cha ukubwa wa kiganja. Jina langu halikuwapo. Namba ya cheti haikuwapo.

Ndugu msomaji, miguu iliniisha nguvu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wakulima kuinua magunia juu ya mbao ili mchwa wasiyafikie. Mahindi niliyakinga. Cheti kilichonipa kazi sikukikinga.

Watu wengine walikuwa wakiondolewa kazini kwa sababu ya vyeti vya kughushi. Mimi sikughushi, lakini ningeonyesha nini? Neno la mdomo halipokelewi ofisini.

Kilichoniokoa ni dada yangu. Zamani, nilipokuwa nikitafuta kazi, nilimwachia nakala ya cheti iliyogongwa muhuri na hakimu. Alikuwa ameitunza pamoja na kadi za kliniki za watoto wake. Nakala ile ilikuwa na namba ya cheti, mwaka, na jina la chuo. Nikaenda polisi kutoa taarifa ya upotevu. Nikaenda chuoni. Kwa ile namba wakanipata katika vitabu vyao, wakaniandikia barua ya uthibitisho. Nilisafiri mara tatu, na nauli ilikula mshahara wa mwezi. Lakini kazi ilibaki.

Bila nakala ya dada yangu, leo nisingekuwa nakuandikia haya.

Si vyeti vya wasomi tu

Huenda unasema, "Mimi sina cheti. Mimi ni mkulima." Hebu tuhesabu pamoja. Je, una kitambulisho cha Taifa? Watoto wako wana vyeti vya kuzaliwa? Una kadi ya mpiga kura? Una cheti cha ndoa? Una hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lako? Una risiti za kuuza pamba, korosho au mpunga? Mwanao ana leseni ya pikipiki?

Kila karatasi hapo ni mali. Hati ya kimila hutolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Hati hiyo inasema kwamba shamba ni lako. Siku ugomvi wa mpaka ukitokea, yenyewe ndiyo itakayokusemea. Mjane anaihitaji. Yatima anaihitaji.

Na adui wa karatasi ni wengi. Kuna mchwa, panya, moto, na paa linalovuja. Kuna mafuriko pia. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika nyumba huko Katesh. Watu wengi walikufa. Matope yakiingia ndani ya nyumba hayachagui kati ya godoro na cheti.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Namna ya kutunza

Fanya hivi:

1. Weka karatasi halisi ndani ya mfuko wa plastiki. Ufunge vizuri. Uweke ndani ya sanduku la bati au ndoo yenye mfuniko, juu ya meza au rafu. Usiweke sakafuni.

2. Toa nakala ya kila karatasi. Peleka nakala pamoja na karatasi halisi kwa hakimu au wakili. Ataitazama, kisha atagonga muhuri. Hiyo ndiyo nakala iliyothibitishwa. Iweke katika nyumba nyingine, kwa ndugu unayemwamini. Nyumba moja ikiungua, nyingine itabaki.

3. Piga picha kwa simu janja. Kama huna, muombe mwanao au ndugu wa karibu. Weka karatasi mezani wakati wa mchana, mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali. Pembe zote nne zionekane. Piga mbele na nyuma. Kisha soma picha. Kama wewe mwenyewe huwezi kusoma namba, afisa naye hataweza.

4. Picha zisikae ndani ya simu moja tu. Simu huibiwa, huanguka majini, huzima. Jitumie picha kwa barua pepe yako, au ziweke katika simu ya mwenzi wako.

5. Kama una simu ya kitochi, usikate tamaa. Chukua daftari. Andika jina la karatasi, namba yake, tarehe, na ofisi iliyoitoa. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kazi hii unaiweza.

Anza na namba ya kitambulisho cha Taifa. Ina tarakimu 20. Tarakimu nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, halafu siku. Aliyezaliwa tarehe 15 Machi 1984, namba yake huanza na 19840315. Hesabu tarakimu zako. Zikipungua, umekosea kunakili.

Picha si cheti

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Picha ndani ya simu ni msaidizi tu. Inakukumbusha namba. Inakusaidia kupata nyingine ukipoteza ya kwanza. Haichukui nafasi ya cheti kila mahali.

Ni kweli, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu zilizo ndani ya mitambo. Lakini hiyo haina maana kwamba kila ofisi italazimika kupokea picha ya simu. Kabla ya safari, uliza: "Mnataka halisi, nakala yenye muhuri, au picha inatosha?" Swali hilo halilipiwi. Nauli hulipiwa.

Kijana wa bodaboda, leseni yenyewe iwe mfukoni, na picha yake iwe ndani ya simu.

Hata nchi zilizotangulia kwa mitambo zina mambo haya. Marekani, anayerusha ndege nyuki kwa kujifurahisha hufanya mtihani mdogo ulioanza mwaka 2021. Akifaulu hupewa cheti. Anaweza kukionyesha kwa karatasi au kwa simu. Lakini wanaotoa mtihani ule hawamtunzii kumbukumbu. Akikipoteza, anarudia mtihani. Kwa hiyo mwenyewe ndiye mtunzaji wa cheti chake.

Jihadhari na matapeli

Picha ya kitambulisho ni kama ufunguo wa nyumba. Aliye nayo anaweza kujaribu kujiita wewe. Anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako.

Kwa hiyo, simu yako iwe na namba ya siri. Usimtumie mgeni picha ya kitambulisho kwa sababu amepiga simu akasema umeshinda zawadi. Ukitoa nakala kwenye duka la steshenari, simama hapo hapo. Kazi ikiisha, mwambie kijana: "Mwanangu, futa picha zangu kwenye kompyuta yako, nami nione." Usione haya. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu ina sheria inayofanya kazi ya kulinda taarifa binafsi, iliyotungwa mwaka 2022. Taarifa zako zinalindwa na sheria, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe.

Ukipoteza

Usikae kimya. Nenda polisi ukatoe taarifa ya upotevu. Kisha nenda ofisi iliyotoa karatasi. Kitambulisho cha Taifa, nenda NIDA. Cheti cha kuzaliwa, nenda RITA kwenye ofisi ya wilaya. Hati ya kimila, anza na masjala ya ardhi ya kijiji chako. Cheti cha shule au chuo, nenda kwa waliokitoa. Chukua nakala yako, picha yako, au daftari lako. Mwenye namba hushughulikiwa upesi. Asiye na namba huambiwa, "Njoo kesho."

Leo usiku

Ndugu msomaji, kabla ya kulala leo, vuta sanduku lako. Fungua mpaka chini kabisa. Tazama kama kuna udongo wa mchwa. Waite mama au baba wa nyumba na watoto wakubwa, waonyeshe kila karatasi iko wapi. Kama ni wewe peke yako unayejua, siku ukiondoka, karatasi zitaondoka nawe.

Yule kijana wa ndege nyuki alirudi kwetu mwezi uliopita kupima mashamba mengine. Mwenyekiti alipomwona tu, akaanza kucheka. Kijana akanyanyua jalada lake la plastiki juu, kabla hata ya kusema shikamoo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwenyekiti aliomba kuona kibali? Je, alikosea?

2. Taja karatasi tano muhimu zilizo nyumbani kwako. Kila moja ina namba gani, na ilitolewa na nani?

3. Kuna tofauti gani kati ya cheti halisi, nakala yenye muhuri, na picha ya simu?

4. Nyumba yako ikiungua leo, ni karatasi gani utaweza kuzipata tena, na kwa njia gani?