Uzamili wa Saikolojia Tiba: Hesabu ya Mtu wa Nyeri

Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti kwamba Kenya ilikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili 92. Kwa kipimo cha daktari mmoja kwa watu 30,000, walitakiwa 1,533. Kwa kipimo hichohicho na sensa ya 2019, Nyeri yenye watu 759,164 inahitaji 25. Jumlisha Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi na Meru: kaunti tano zinazouzunguka Mlima Kenya zina watu 3,917,065, na mahitaji yao ni madaktari 131. Hata wale 92 wa nchi nzima wangehamia huku wote, bado wangepungua 39.

Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Lakini kumpima mgonjwa, kuzungumza naye wiki baada ya wiki, kumshika mkono mraibu wa pombe mpaka asimame, ni kazi yake, na huku mlimani kazi hiyo imejaa. Ndiyo maana natamani wauguzi na walimu wengi wa Karatina na Kerugoya waisomee. Ila wasianze kwa kulinganisha karo.

Waanze na barabara. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia fani hii katika idara ya magonjwa ya akili, kwenye eneo la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Chuo kikuu cha USIU-Africa kiko Kasarani. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni takriban kilomita 150. Wa USIU hushuka Thika Road kabla ya kuingia mjini. Wa Kenyatta hana budi kulivuka jiji, na foleni ya asubuhi kila mtu anaijua.

Tuseme nauli ni shilingi 500 kwenda na 500 kurudi, masomo ni siku moja kwa wiki, mihula mitatu ya wiki 15. Hizo ni safari 45, kilomita 13,500, shilingi 45,000. Zinabebeka. Kisha yanakuja mafunzo kwa vitendo: tuseme miezi sita, siku nne kwa wiki, Nairobi. Hapo hakuna kwenda na kurudi. Chumba cha 10,000 kwa mwezi ni 60,000. Na ukichukua likizo bila malipo, mshahara wa 40,000 unaoukosa ni 240,000. Jumla 300,000, zaidi ya mara sita ya nauli yote ya darasani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi, uliza chuo kama mafunzo hayo yanaweza kufanyiwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, na nani atakayekubaliwa kuwa msimamizi wako huko. Jibu hilo moja linaweza kushinda tofauti ya karo kati ya vyuo viwili.

Uliza pia kama shahada utakayopata itakubaliwa kwa usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi inayosajili wenye taaluma hii, na ushauri nasaha, ambao mara nyingi ndio unaopatikana karibu na nyumbani, si shahada ileile.

Mwisho, tasnifu. Kila muhula unaoongezeka kwa kuisubiri unaongeza ada. Omba kuambiwa, katika kundi lililoanza miaka minne iliyopita, wangapi wamemaliza. Chuo kisichotaka kujibu ningekiacha, hata karo yake ingekuwa ndogo kuliko zote.