Kile kisanduku cha michezo kilicho chini ya kitanda

Juma hili tunawaomba mvute ile katoni iliyo chini ya kitanda au juu ya kabati. Ndani yake mtakuta waya zilizofungana, manete mbili, kaseti za plastiki, na ile mashini ambayo watoto wa wakati ule waliiita tu "Nintendo", hata kama haikuwa na jina hilo popote. Wanunuzi wa vyuma wanapita katika avenyu zetu na kupima kwa kilo, na mashini hizo zinaenda pamoja na masufuria yaliyotoboka. Kabla ya kuitoa, tuitazame vizuri.

Mashini ya kwanza ya kucheza kwenye televisheni ya nyumbani iliitwa Odyssey. Kampuni ya Magnavox iliiuza Marekani mwaka 1972, na aliyeibuni ni Ralph Baer. Haikuwa na sauti hata kidogo, na picha ya uwanja ilikuwa karatasi ya plastiki inayobandikwa juu ya kioo. Mwaka 1976 ikaja Channel F ya kampuni ya Fairchild, na hapo ndipo mchezo ulianza kukaa ndani ya kaseti ya kubadilisha. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, injinia mweusi wa Marekani. Walimu tunapenda kulitaja jina hilo darasani, maana watoto wetu wanafikiri vitu hivi vyote vilitoka kwa watu wa sura moja. Atari ikafuata mwaka 1977.

Msitegemee kuzikuta hizo Kituku. Mashini tuliyokua nayo ina asili nyingine: Famicom, ambayo Nintendo ilianza kuuza Japani tarehe 15 Julai 1983. Viwanda vya Taiwani na China viliiiga kwa wingi, na nakala hizo zikajaa katika nchi ambazo Nintendo yenyewe haikujali kuuza: Afrika, Ulaya ya Mashariki, Amerika ya Kusini. Ndiyo maana karibu kila mashini ya kaseti mtakayoikuta hapa ni nakala.

Tutazijuaje? Tuanze na manete. Famicom ya kweli ni nyeupe na nyekundu iliyokolea, na manete zake mbili zimeungwa moja kwa moja na mashini, hazichomoki. Manete ya pili ina kipaza sauti kidogo. Chini yake imeandikwa HVC-001. Dada yake iliyouzwa Marekani na Ulaya ni ya kijivu, kaseti inaingia kwa mbele chini ya mlango mdogo, na chini ya ile ya Marekani imeandikwa NES-001. Hesabuni pia meno ya shaba ya kaseti: ya Famicom ni 60, ya NES ni 72. Nakala zetu karibu zote zinatumia meno 60.

Nakala ina majina yake: Micro Genius, Ending-Man, PolyStation. Hii ya mwisho inachekesha. Umbo lake ni la PlayStation, lakini ukifungua kifuniko cha diski unakuta tundu la kaseti. Fundi akiifungua ataona jambo jingine. Mashini ya asili ina vipande vingi vyeusi vyenye miguu kama wadudu. Nakala nyingi zina kibao kidogo na tone moja jeusi la gundi ngumu, basi. Na kaseti iliyoandikwa "9999999 in 1"? Ihesabuni. Ni michezo michache inayojirudia kwa majina mengine.

Tuseme wazi kuhusu pesa. PolyStation haitalipa minerval ya mtoto. Wakusanyaji wa nje wanatafuta mashini za asili, hasa zikiwa na katoni na karatasi zake. Kwa hiyo kijana akija na mashini na kuomba dolari nyingi kwa kusema ni "orijinali", mkumbuke manete zisizochomoka na namba ya chini. Na kama nyumba ina shida na lazima muuze, muuzieni fundi atakayeitumikisha, siyo mtu wa kilo.

Mkitaka kuijaribu, angalieni kwanza adapta. Ile ya NES inatoa umeme wa aina nyingine, AC. Ukiichomeka kwenye Famicom au nakala unaweza kuiunguza. Kaseti isiposoma, watoto walizoea kuipuliza. Mate yanaleta kutu, na hapa kando ya ziwa hewa ina unyevu wa kutosha tayari. Tumieni pamba na alkoli. Bunduki ya kupiga bata isipofanya kazi, msiitupe: inahitaji televisheni ya zamani yenye mgongo, kwenye televisheni bapa hailengi kitu.

Sisi hatuzidharau nakala. Kwa mkusanyaji wa Tokyo ni takataka. Kwa mkusanyaji wa Goma ndiyo mkusanyo wenyewe, kwa sababu ndiyo iliyochezwa hapa. Na vimebaki vichache. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na nyumba zikaungua na vyote vilivyokuwamo. Kisha watu wamekimbia mara ngapi? Anayekimbia anabeba mtoto na godoro, habebi kaseti.

Kuna pia mashini ambayo historia yake inatugusa kwa njia nyingine. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Mwaka huohuo dunia ilitafuta sana tantali kwa ajili ya simu, kompyuta na mashini za michezo, bei ya koltani ikapanda mara nyingi, na huko Masisi watoto wakaacha shule kwenda kuchimba. Mkiwa nayo nyumbani, iwekeni pia, na muwaambie watoto habari hiyo.

Juma hili, chukueni karatasi moja. Andikeni nani aliinunua mashini, wapi, kabla au baada ya lava, ni kaseti gani iliyopendwa, na nani alikuwa akishinda wote. Iwekeni ndani ya katoni, mfunge vizuri na plastiki, unyevu usiingie.